Ganzi ya Korosho

Shule zilipofungwa mwaka ule, badala ya kukaa kwangu Masasi nikapumzisha koo kama walimu wenzangu, nilikubali kibarua cha ukalimani. Kulikuwa na daktari mmoja, mtu wa kaskazini, mrefu, mpole hadi anakera, aliyekuja na muuguzi wake kuchunguza shingo za wanawake. Ndiyo, shingo. Alitaka kujua pingili za shingo huchakaa namna gani kwa watu waliobeba mizigo kichwani maisha yao yote, na uchakavu huo ukishazidi unaufanya nini uti wa fahamu unaopita katikati ya pingili. Kiswahili alikuwa nacho, tena kimenyooka kuliko changu. Lakini bibi zetu wa huku ukiwauliza habari za miili yao hukimbilia Kimakonde, Kimakua au Kiyao, kwa sababu huko aibu ni ndogo. Kimakonde ni cha mama yangu, Kiyao nimekipata kwa majirani, Kimakua nababaisha. Wakaona nitafaa.

Nisiwafiche, mwanzoni niliona ni upuuzi. Siku ya kwanza daktari alinieleza kwamba anahitaji makundi mawili: wanawake waliobeba maji kichwani tangu utotoni, na wengine wa umri uleule ambao hawakuwahi kubeba, ili awalinganishe. Nikamwuliza, "Hao wa pili utawatoa wapi?" Akasema, "Hapahapa, Masasi na Newala." Nilicheka mpaka muuguzi akaniangalia vibaya. Jamani, mwanamke wa Newala ambaye hakuwahi kubeba ndoo kichwani! Nikamwambia, "Daktari, huyo utamkuta bado yuko mgongoni kwa mamake, na kesho kutwa naye atawekewa kata na ndoo kichwani." Hakukasirika. Aliandika kitu, akasema basi tutatafuta wanaume.

Tulianzia Lukuledi, tukaenda Chidya, ndipo tukapanda Newala. Kazi ilikuwa ileile kila nyumba. Shikamoo, marahaba, tunatandikiwa mkeka, tunaulizana habari za mvua na za mikorosho, halafu naanza. Shingo inauma? Haiumi. Mabega je? Ya kawaida tu. Mikono inakufa ganzi? Hapo bibi mmoja baada ya mwingine aliangalia vidole vyake, akacheka kidogo, akasema, "Ganzi ipo, lakini hiyo ni ya korosho."

Mtu wa mbali inabidi aelezwe. Korosho ghafi ina mafuta ndani ya ganda, na mafuta hayo yanaunguza. Sisi tunabangua kienyeji: unazichoma juu ya kipande cha bati mpaka zinashika moto, unazizima kwa mchanga, kisha unakaa na jiwe unapasua moja moja, mikono umeipaka majivu, na bado mafuta yanapita. Ngozi ya ncha za vidole inakuwa nyeusi, inababuka, inaota upya, inababuka tena. Mwanamke aliyebangua tangu usichana anaweza kushika kaa la moto akalihamisha bila haraka. Hatuoni kuwa ni ugonjwa. Tunaona ndivyo mikono ya mtu mzima inavyokuwa, na mwenye vidole laini tunamwuliza alikulia wapi. Kwa hiyo nilitafsiri "ganzi ya korosho" Lukuledi, nikaitafsiri Chidya, na daktari akawa anaiandika hivyohivyo, maana vidole vile vyeusi alikuwa anaviona kwa macho yake. Nani angebisha?

Mama yangu anaishi pembezoni mwa mji wa Newala, karibu na pale ardhi inapokatika na kushuka kwenda bonde la Ruvuma. Ua wa pili yake alikuwa anaishi mdogo wake, mama yangu mdogo. Wawili hao walizaliwa wakifuatana, wakachezwa unyago pamoja, wakafiwa na waume bila kupishana sana, na korosho walikuwa wanabangua juu ya mkeka mmoja. Mama ni mtu wa maneno machache. Mama mdogo alikuwa na mdomo wa watu wawili, na watu husema huo wangu nimeurithi kwake. Alipomwona daktari akaniuliza kwa Kimakonde, mbele yake, kama huyu ndiye mkwe. Akijua fika nimeachika na hadithi hizo sizitaki. Nikamwambia ana mke na watoto. "Sikuuliza hilo," akasema.

Mama alijibu kama wote. Shingo haiumi. Ganzi ya korosho. Daktari akaandika. Kisha akamwomba anyooshe mikono mbele, viganja chini, afumbe ngumi na kufumbua harakaharaka huku yeye akiangalia saa. Ni jaribio dogo, mtoto analiona mchezo. Mama mdogo alikuwa ameshalifanya, upesiupesi, akitikisa mabega kama yuko ngomani. Mama akaanza. Ngumi ilifumba. Kufumbua ndiko kukawa kazi. Vidole vilifunguka polepole, kidole cha mwisho kikabaki nyuma peke yake, na nikamwona mama anakikodolea macho ili kimtii. Nilitaka kucheka. Halafu nikaona daktari ameacha kuangalia saa.

Alimshika mkono, akabana ukucha wa kidole cha kati na kuuachia ghafla. Kidole gumba cha mama kikaruka chenyewe. Akarudia, kikaruka tena. "Loo," mama akasema, "hiki nacho kina mambo yake." Daktari akamwomba afumbe macho, akampitishia pamba mkononi. Mama akasema kiganjani anaisikia, vidoleni inakuja kwa mbali. Mwisho daktari akachora mstari mchangani, akamwomba autembee, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mama yangu, aliyepandisha maji kutoka bondeni miaka yote bila kushika ndoo, hakuuweza mstari wa mchangani. Aliyumba, mama mdogo akamdaka, akamwuliza, "Pombe umeanzia uzeeni?" Sote tukacheka isipokuwa daktari.

Jioni alinieleza, tumekaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni alikofikia. Mafuta ya korosho huunguza ngozi, basi. Hayamzuii mtu kufumbua ngumi, wala hayamyumbishi njiani. Alichokiona kwa mama ni uti kubanwa: pingili za shingo zimechakaa, zimeota miba ya mfupa, zile diski za katikati zimetokeza nyuma, na njia ya uti imekuwa finyu. Shingo yenyewe inaweza isiume hata kidogo, ndiyo maana watu hawashtuki. Huanza mikono, ikafuata miguu, na mwisho mtu akashindwa kuinuka kitandani. Hakunificha. "Kilichokwisha kupotea mara nyingi hakirudi," alisema. "Upasuaji ni wa kuokoa kilichobaki. Kwa hiyo tusikawie." Kwa mama kilichobaki kilikuwa miguu, na viganja.

Nikamwuliza, "Na wale wa Lukuledi?"

"Wepi?"

"Wale tuliowaandikia korosho, Daktari. Wewe ukaandika, mimi nikakutafsiria."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Akasema, "Tutarudi."

Tulirudi kweli, Lukuledi na Chidya kote, nyumba zilezile. Bibi mmoja alitukalia kooni: alishajibu, tunataka ajibu mara ngapi, au majibu yake ya kwanza hatukuyapenda? Safari hii hatukuuliza sana. Tuliwaambia wafumbe na kufumbua, tukawachorea mstari. Wengi ilikuwa korosho kweli, ngozi tu. Lakini walikuwapo ambao ngumi zao hazikufunguka, na hao nilishindwa kuwatazama usoni nikiwatafsiria kwamba sasa inabidi waende hospitali kupigwa picha. Nilipandwa na hasira, nikammwagia daktari garini. Nilimwambia wao kazi yao kupima tu, wanakuja wanahesabu wagonjwa kama watu wanaohesabu mikorosho ya jirani, halafu wanaondoka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema ni kweli alikuja kuchunguza, hakuja kutibu, na kwamba huko kutochunguza ndiko kulikowafanya hawa bibi wote wakaambiwa ni korosho. Aliwaandikia barua za rufaa mmoja mmoja. Kesho yake nilimpelekea chai.

Picha ya mashine kubwa tulikwenda kuipiga Mtwara, bima yangu ya ualimu ikatusaidia. Daktari aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha mama uti wake mwenyewe: juu umejaa, chini umejaa, katikati ya shingo umebanwa kama kamba iliyonaswa na mlango. Akamweleza yote aliyonieleza mimi, kwa Kiswahili chepesi, na pale alipokwama nikamalizia. Mama alitazama kwa makini. "Na huyu ni mimi?" akauliza. Akaambiwa ni yeye. Akasema ahsante, akavaa kandambili zake, akasema turudi Newala, korosho zimeanza kuanguka.

Hakusema hapana. Mama hasemi hapana. Husema "tutaona", na hiyo ndiyo hapana yake. Msimu ukaisha, nikasema sasa twende. Akasema mvua zinyeshe kwanza, apande. Mvua zikanyesha, akasema apalilie. Alikuwa na hofu, nilijua. Mtaani walishamjaza maneno kwamba mtu akipasuliwa uti hainuki tena, kwamba fulani alikwenda anatembea akarudi amebebwa. "Nikachinjwe shingo kama kuku, halafu mniletee nyumbani nimelala?" Hayo hakuniambia mimi, alimwambia mama mdogo. Na mama mdogo, badala ya kunisaidia, akamwambia, "Kaa hapa. Mimi nikiwapo, mikono unayo."

Na alitimiza. Alimfunga vifungo, alimmenyea muhogo, alimtungia uzi kwenye sindano. Daktari alipomkataza mama kubeba chochote kichwani, mama mdogo ndiye aliyemchotea maji, ndoo yake kwanza, kisha ya dada yake. Korosho waliendelea kubangua pamoja, mama akichoma, mama mdogo akipasua za wote. Nilipopanda kutoka Masasi mwisho wa mwezi nilimkuta mama msafi, amesukwa, chakula kipo, ua umefagiwa, nikadhani ugonjwa umetulia. Haukuwa umetulia hata kidogo. Ulikuwa umefunikwa tu, na mfunikaji alikuwa na bidii.

Siku niliyogundua tulikuwa tunatoka kwa jirani. Mama alikuwa mbele yangu. Kandambili moja ilimtoka mguuni, ikabaki njiani, naye akaendelea kutembea, mguu mmoja pekupeku kwenye mchanga wa saa saba mchana, mchanga ambao mimi nisingeukanyaga hata kwa soksi. Niliiokota. Nilipompa alishangaa, akaniuliza nimeitoa wapi.

Sikungoja. Nilimfuata mama mdogo jikoni kwake, nikamwambia kavukavu, "Mama, unammaliza dada yako kwa huo upole wako."

Aliweka mwiko chini. "Wewe ulikuja na picha, ukarudi Masasi kufundisha. Anayemsikia akilia kwa hofu ni nani?"

Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akaonekana mzee ghafla. "Akienda asirudi," akasema, "mimi nitakaa na nani kwenye ule mkeka?"

Nilikaa chini karibu yake, tukalia sote wawili na ugali ukaungua. Tulipomaliza kulia alijipangusa kwa kanga, akapiga moyo konde, akasema Ramadhani ikiisha atampeleka Dar es Salaam yeye mwenyewe. "Na akileta zile tutaona zake," akasema, "nitambeba kichwani, aone uti wa nani utavunjika." Nilimpigia daktari siku hiyohiyo. Akatupangia nafasi ya baada ya Idi, na mama, kwa kuwa sasa mdogo wake ndiye anayemwambia, akakubali.

Idi haikumkuta. Asubuhi moja, mfungo ukiwa katikati, mama mdogo aliinuka kwenye mswala wake akasema kichwa kinamgonga. Alikaa. Akajilaza ubavu. Hakuamka tena. Presha, walisema hospitali. Nilipigiwa simu nikiwa darasani, nikawaacha wanafunzi na ubao umejaa nusu, nikapanda Newala. Nilifika mchana. Mabomba yalikuwa makavu wiki ile, kama kawaida, na wanawake walikuwa wanaingia uani mmoja mmoja na ndoo kichwani, wanashusha, wanalia, wanakaa. Kwetu maji ndiyo rambirambi ya kwanza. Ua ulikuwa umejaa ndoo mpaka ukikosa kuangalia unajikwaa.

Katika ukoo wetu maji ya kumwoshea maiti hupashwa moto kidogo, na mkubwa wa wanawake ndiye anayeyajaribu kwa mkono kabla hayajamiminwa. Yasimchome, yasimtie baridi. Wazee wetu wanaamini maiti anasikia bado. Kazi hiyo miaka yote alikuwa akiifanya bibi yetu, na alipofariki ikawa ya mama. Kwa hiyo wanawake walimsogezea mama sufuria, na mama akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Akautuliza humo. Nilimwona anasubiri.

"Yako sawa," akasema. "Mimineni."

Mvuke ulikuwa unampanda usoni. Nilimrukia, nikautoa mkono ule, nikagusa maji kwa kidole changu na kukitoa palepale. Yalikuwa ya moto wa kuivisha nyama. Kiganja cha mama kilikuwa chekundu, ngozi ya juu imeanza kuvimba, na yeye alikuwa ananitazama tu, hajui nina nini. Kisha akautazama mkono wake. Akaelewa.

Mwanamke mmoja akaongeza maji baridi, akayajaribu, wakaanza kuosha. Mama walimweka kichwani pa mdogo wake, nikamfunga kitambaa chenye maji baridi mkono ulioungua. Aliweka ule mwingine juu ya shavu la marehemu. Akausogeza. Akaugeuza, akajaribu kwa upande wa nyuma. Alikuwa anatafuta. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Amepoa?"

"Amepoa, mama."

"Ngozi yake ikoje?"

Mama aliinama, kwa shingo ileile aliyokatazwa kuitaabisha, akaweka shavu lake juu ya shavu la mdogo wake. Akakaa hivyo. Alikaa mpaka wanawake wakamwomba kwa adabu awaachie wamalize, jua linakwenda.

Matanga yalipoondolewa nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno yangu yamepangwa, makali, ya kumwumiza ikibidi. Sikuyahitaji. Alinikuta nafungasha akasema, "Mpigie daktari wako. Mwambie nakuja na miguu kabla nayo haijaenda." Sikumwuliza mara mbili.

Dar es Salaam hakuona kitu zaidi ya ukuta wa wodi. Siku ya upasuaji alinikabidhi kanga ya mdogo wake, akaniambia nisiiache kwenye kiti, na wakampeleka. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, sikula, sikusali vizuri, nilikuwa naanza dua naishia kumgombeza mama mdogo kwa kufa. Daktari wetu alipotoka chumba cha upasuaji macho yalikuwa mekundu kwa kuchoka. Akasema uti umepata nafasi ya kupumua, mengine ni kungoja. Walipomrudisha mama, amefungwa kola ngumu shingoni, hajafumbua macho sawasawa, mimi sikutazama uso. Nilitazama shuka upande wa miguu. Likatikisika. Likatikisika tena, upande wa pili. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa hadi muuguzi akanitoa nje, na huko nje nikaendelea.

Alirudi Newala kwa miguu yake. Kwanza na mkongojo, na watu wa mtaa waliokuwa wamemwambia hatainuka walikuja mmoja mmoja kuhakikisha, wakanywa chai yetu, wakaondoka. Miezi ikapita akauacha mkongojo. Ule mkono ulioungua ulipona ukabaki na kovu. Akigonga kitu, akikatwa na kisu, hujui mpaka uone damu, na yeye hajui mpaka umwambie. Mkeka wa korosho aliukunja akamgawia jirani.

Mwaka uliofuata daktari alirudi kwa duru ya mwisho ya uchunguzi wake, nami nikaomba ruhusa shuleni nikamfuata. Mama alikuwa amekaa nje. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Kaskazini hawajambo?" Daktari akachora mstari mchangani. Mama aliutembea wote, polepole, mikono ameitanua pembeni, na alipofika mwisho akageuka akarudi nao bila kuambiwa. Daktari alifurahi waziwazi, muuguzi akapiga makofi. Mimi nililia tena, maana siku hizi machozi yangu hayana adabu.

Kisha akamwomba afumbe macho. Akatoa pamba. Akaipitisha kidole hadi kidole, akaipitisha kiganjani, akapanda nayo mpaka kwenye kifundo, mkono wa kwanza na wa pili. Mama alikuwa ametulia, anangoja.

"Hujaanza tu?" akauliza.

Daktari alikuwa amemaliza. Alikunja ile pamba ndani ya ngumi yake akasema tayari, mama, fumbua macho.

Nilikaa vizuri nitafsiri, nilijua atasema kitu. Lakini safari hii mama hakusema Kimakonde. Alimsemesha kwa Kiswahili, taratibu, ili yasipitie kwangu.

"Daktari, nikuulize. Ningekubali siku ile ya picha, kule Mtwara, siku ya kumwosha mdogo wangu ningemsikia?"

Daktari alinitazama. Sikumsaidia.

"Siwezi kuapa, mama," akasema. "Lakini viganja vyako wakati ule vilikuwa bado vinasikia. Nadhani ungemsikia."

Damu ilinichemka. Nilitaka kumkemea, kwamba mtu mzima anaulizwa swali kama hilo na bibi wa watu, anashindwa nini kudanganya kidogo! Mama akanizuia kwa mkono, akaushika mguu wangu kwa nguvu kuliko alivyokusudia, kwa kuwa hajui anabana kiasi gani. Aliligeukia bonde.

"Basi huko Lukuledi na Chidya," akamwambia, "usiende kuwaeleza habari za pingili. Watakwambia tutaona. Waambie kuna mwanamke Newala alimshika mdogo wake mara ya mwisho, na hakumsikia."